Ngoja, Usibonyeze Tena

Mpenzi msomaji, hebu nikuulize kaswali kadogo. Mwenzi wako anafanya kazi gani?

Usijibu haraka, na usinitajie jina la kampuni. Sijauliza ameajiriwa wapi wala analipwa shilingi ngapi, maana hayo ya mshahara najua unayajua mpaka senti ya mwisho. Nauliza anafanya nini. Akishakaa kwenye kiti chake asubuhi mpaka anapofunga jioni, akili yake inahangaika na kitu gani? Na katika hicho kitu, ni kipi kinachomnyima usingizi?

Niliwauliza mashosti zangu watatu tukiwa saluni. Wa kwanza akasema, "Yuko benki." Benki anafanya nini? "Yuko tu pale, anavaa tai." Wa pili akasema mumewe yuko kwenye miradi. Wa tatu aliangua kicheko, akasema yeye anachokijua vizuri ni tarehe 25. Waliponigeuzia swali nikatoa jibu langu la miaka yote, "Mambo ya kompyuta," na maongezi yakarudi kwenye rasta.

Mambo ya kompyuta yenyewe ni haya. Mume wangu ni msanifu wa mifumo. Siku hizi haandiki programu nyingi kwa mkono wake, wapo vijana wa kuandika. Yeye anaamua vitu vitakaaje: taarifa zitunzwe wapi, sehemu ipi iongee na ipi, nani asubiri na nani asisubiri. Na hapa ndipo penye utamu wake: kitu kimoja kikifa katikati ya kazi, vingine vifanye nini? Mchora ramani wa kawaida anachora nyumba isimame. Huyu wa kwangu nusu ya siku yake anawaza jinsi itakavyoanguka, ili ikianguka ianguke polepole na asife mtu.

Kwao ni Kinyangiri, wilaya ya Mkalama, mkoani Singida. Kama hupajui, ukitoka Singida mjini unashika barabara ya Nzega mpaka Iguguno, hapo unaiacha barabara kuu na kuingia ndani, njia ya Nduguti, ambako ndiko makao makuu ya wilaya tangu Mkalama ilipomegwa kutoka Iramba mwaka 2012. Ni nchi ya alizeti, mtama, uwele na vitunguu, na wale kuku ambao ukisema unakwenda Singida kila jirani wa Dar anakupa oda.

Akifika nyumbani, kabla hajanywa maji, redio mbovu zinaanza kuingia. Zikiisha redio zinakuja simu zisizopokea chaji, na safari moja ikaja pasi ya umeme. Fundi mmoja wa kujenga alisikia neno "msanifu" akafurahi sana, akaomba achorewe ramani ya vyumba vitatu na choo cha ndani. Alichorewa. Mtu ambaye hajui nondo inauzwaje alikaa chini ya mwembe na penseli siku nzima, na nyumba ninavyosikia imesimama mpaka leo. Mama mkwe anawaambia watu mwanawe anachora ramani, na sioni kwa nini tumsahihishe.

Sasa nikupe kisa.

Ilikuwa usiku, Machi 2024. Saa tatu kasoro simu inaita kutoka Kinyangiri. Mama kifua kimembana, hawezi kulala chali, anahema kama aliyekuwa akikimbia. Gari la kumpeleka hospitali limepatikana, mwenye gari anataka shilingi 120,000, na anazitaka mkononi kabla hajawasha, maana mafuta hayana undugu. Kwenye simu ya mume wangu kulikuwa na shilingi 310,000 na sehemu kubwa ilikuwa kodi ya nyumba. Saa tatu na dakika tano akatuma. Akaingiza namba ya siri, akabonyeza, skrini ikaganda, halafu ikajifuta yenyewe. Hakuna meseji ya kwamba imekwenda, hakuna ya kwamba imeshindikana. Akajaribu kuangalia salio, nalo likagoma. Mtandao wenyewe sitautaja, kila mmoja wetu ana wake uliomfanyia hivyo siku ambayo hakupaswa.

Nikamwambia, "Tuma tena."

Akasema, "Ngoja, usibonyeze tena."

Nikasema tena, kwa sauti ya juu zaidi. Akaiweka simu mezani, akaikalia kimya akiitazama. Mama yake mzazi anatafuta pumzi, na yeye anatazama simu! Nikaanza kujiuliza nimeolewa na mtu wa namna gani.

Kilichokuwa kichwani mwake nilikuja kukielewa baadaye, nikupe kwa lugha ya jikoni. Ukituma hela na jibu lisirudi, kunaweza kuwa kumetokea jambo moja kati ya matatu. La kwanza, maombi yako hayakufika kabisa, yamepotea njiani. La pili, yamefika, hela imehama, ila jibu ndilo lililopotea likirudi. La tatu, yamefika na yamepanga foleni, bado hayajafanyiwa kazi. Kwako wewe uliyeshika simu, yote matatu yanafanana kama mapacha. Ni ukimya tu. Ukituma tena wakati lililotokea ni la kwanza, umeokoa mtu. Ukituma tena wakati ni la pili au la tatu, umetuma mara mbili, hela ya kodi imeondoka, na kama baada ya nusu saa hospitali wakitaka hela nyingine, huna.

Na meseji ile ya "umetuma shilingi kadhaa" siyo hela, bwana. Watu wengi tunadhani hela inasafiri ndani ya meseji. Hela iko kwenye leja ya kampuni, mstari mmoja unapunguzwa na mwingine unaongezwa, basi. Meseji ni mjumbe anayekuja kukuambia kilichoandikwa. Mjumbe anaweza kuchelewa wakati kazi imeshafanyika zamani.

Wataalamu wa kompyuta wana kisa chao kuhusu hili, na ndicho kilichonifanya nianze kuisikiliza kazi ya mume wangu kwa masikio mawili. Majenerali wawili wa upande mmoja wamepiga kambi kwenye vilima viwili. Katikati kuna bonde, na bondeni wamejaa maadui. Wakishambulia pamoja wanashinda, akienda mmoja peke yake anakwisha. Jenerali wa kwanza anamtuma mjumbe: tushambulie alfajiri. Atajuaje kama mjumbe amefika? Anasubiri mjumbe wa kurudi. Yule wa pili naye akishatuma jibu, atajuaje kama jibu limefika? Anasubiri mjumbe wa kuthibitisha uthibitisho. Unaona kinapoelekea. Hata wakitumiana wajumbe mia moja, yule aliyetuma wa mwisho hana uhakika. Na imethibitishwa kihesabu kabisa kwamba hakuna idadi ya wajumbe itakayotosha. Tatizo lenyewe liliandikwa mwaka 1975, likisimuliwa kwa majambazi wawili, na mwaka 1978 Mmarekani Jim Gray ndiye aliyelipa jina la majenerali.

Huyu Gray, nikuibie siri, ni mtu ambaye mume wangu anamzungumzia kama mjomba wake. Kazi zake ni miongoni mwa sababu kubwa kwamba ukitoa hela benki na umeme ukakatika katikati, hesabu yako haibaki nusu. Alipewa tuzo ya Turing mwaka 1998, ambayo kwa watu wa kompyuta ndiyo kubwa kuliko zote. Januari 2007 alitoka peke yake na boti yake kutoka San Francisco, kwenda baharini kumwaga majivu ya mama yake, na hakurudi. Walimtafuta kwa ndege, wakamtafuta mpaka kwenye picha za satelaiti. Boti haikuonekana, wala yeye.

Mimi nimesoma mawasiliano chuo kikuu. Mwaka wa kwanza kila mwanafunzi wa fani yetu anachorewa ubaoni mchoro wa Claude Shannon wa mwaka 1948: mtoa ujumbe, njia, kelele, mpokeaji. Tunaukariri, tunaufanyia mtihani, halafu wahadhiri wanatufundisha kuukosoa kwamba binadamu siyo waya. Sikujua kwamba mchoro huohuo, kwenye jengo la pili ng'ambo ya barabara, watu wa kompyuta wanaufanyia kazi usiku na mchana. Kumbe mimi na mume wangu tulisoma somo moja. Wao walibaki na kelele, sisi tukabaki na mpokeaji.

Nirudi kwenye ule usiku. Simu ya kawaida ilikuwa inafanya kazi, kilichokufa kilikuwa upande wa hela tu. Baada ya kama dakika tano za kuikalia meza akanyanyuka, akampigia kijana mwenye kibanda cha uwakala pale Kinyangiri. "Mdogo wangu, nimemtumia Mama laki na ishirini, kwangu kimya. Kwako vipi?" Yule kijana akasema kwake nako mtandao wa hela umelala. Halafu akasema kitu ambacho hatujakisahau: "Kaka, usihangaike. Natoa hapa mfukoni, naandika." Akaenda mwenyewe na noti kwa mwenye gari. Saa nne kasoro robo gari limeondoka.

Meseji ilikuja saa sita kasoro. Imefanikiwa, na muda uliochapwa juu yake ni saa tatu na dakika tano. Kumbe hela ilihama tangu mbonyezo wa kwanza.

Mama alikuwa na homa ya mapafu. Alilazwa siku nne, akarudi nyumbani na yu mzima, anachunga kuku wake.

Sasa usije ukadhani nakuandikia ili kumpa mume wangu maksi. Yeye mwenyewe anasema hakujua. Kungoja kulikuwa kamari kama kubonyeza kulivyokuwa kamari, alichagua ile ambayo akipoteza anabaki na cha kuchezea. Na hasira yangu ilikuwa halali, naitetea mpaka leo. Kilichonichoma siyo kungoja, ni kuninyamazia. Dakika zile tano mimi ndiye nilikuwa upande wa pili wa bonde, sijui kama ujumbe wangu umefika, umepotea, au umepanga foleni. Tulikaa siku tatu tunasalimiana kama wapangaji. Siku ya nne nikamwambia, ukijua kwamba ukimya una maana tatu, kwa nini unaniachia mimi nichague ipi? Akacheka, halafu akaacha kucheka. Kuanzia hapo tuna neno letu moja, "nimesikia". Siyo "nimekubali", siyo "nafanya". Nimesikia tu, mengine yatafuata. Unaweza ukaona ni kitu kidogo. Jaribu wiki moja.

Desemba tukaenda Kinyangiri kumwona Mama na kulipa deni la heshima. Siku hizi safari imekuwa tamu, treni ya umeme inakushusha Dodoma, halafu unachukua basi la Singida. Mume wangu alibeba kompyuta yake na sikutegemea angeifungua likizoni, na kweli hakuifungua. Alichofungua ni daftari.

Yule kijana wa uwakala ana madaftari mawili. Moja ni lile la kawaida la wakala, la kusaini miamala. La pili ni daftari la shule la mistari, limefunikwa gazeti, analitumia siku ambazo mtandao umekufa. Kila mstari ana namba aliyoiandika yeye, kuanzia moja, halafu jina, simu, kiasi, na sahihi au dole gumba. Mtandao ukirudi anakamilisha mstari mmoja mmoja, akimaliza anaupiga mstari mwekundu. Hampi mtu asiyemjua, labda uje na mtu anayemjua na huyo naye asaini. Kuna kiasi ambacho hakivuki. Na hasara ikitokea ni yake, hakuna kampuni itakayomrudishia.

Mume wangu alikaa kwenye kile kibanda saa tatu nzima, anafunua ukurasa baada ya ukurasa kama mtu anayesoma barua za mapenzi. Alipotoka macho yanang'aa. "Umeona ile namba?" ananiuliza. Namba gani? "Namba ya mstari. Anaiandika kabla hajatuma." Nikasubiri maelezo, nimeshazoea.

Siri ni hii. Kwa kuwa huwezi kuzuia ujumbe kupotea, unafanya kurudia kusiwe na madhara. Fikiria kitufe cha kuitia lifti kwenye jengo la ofisini kwako. Ukikibonyeza mara moja lifti inakuja, ukikibonyeza mara kumi kwa hasira inakuja ileile moja. Mfumo mzuri wa hela unatakiwa uwe kama lifti. Ombi likipewa namba yake kabla ya kuondoka, unaweza kulituma mara kumi, na mfumo upande wa pili ukiona namba ileile utasema, hii nimeshaifanya, chukua jibu lako. Ila unapopiga ile menyu ya nyota upya na kutuma tena, kwa mfumo hilo ni ombi jipya kabisa, hata kama kwako wewe ni lilelile. Baadhi ya mifumo inakisia, ikiona kiasi kilekile kwa mtu yuleyule ndani ya dakika chache inakuuliza kwanza. Kijana wa Kinyangiri hakisii. Mstari namba 47 ni mstari namba 47, hata arudie mara ngapi haulipwi mara mbili. Hakuna aliyemfundisha.

Jioni tukiwa tunakula, baba mkwe, ambaye ni mwalimu mstaafu na msomaji wa magazeti, akamkumbusha mwanawe jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Kompyuta ya kwanza ya serikali ya nchi hii ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya hesabu za serikali zilizokuwa zikifanyika kwa mashine kuvurugika na kuleta hasara. "Mashine ilikosea," akasema mzee, "wakatafuta wa kumuuliza, hayupo. Sasa hiyo ya kwako ikikosea, nani ataitwa?" Mume wangu akajibu, "Nimesikia, Baba." Nikainamia sahani nisicheke.

Lakini swali lilimkaa. Na hapa ndipo na mimi likanihusu, maana mwezi uleule kulikuwa na barua pepe kutoka kampuni moja ya Dubai. Mshahara mara tatu ya anaopata, nyumba juu yao. Mume wangu hakuitaka. Alitaka likizo bila malipo miezi sita, aende Kinyangiri akawatengenezee wakulima wa alizeti mfumo wa kupimia mizigo.

Nikwambie tatizo lao. Mavuno yakianza, kama Mei, wanunuzi wanakuja na mizani. Unapima magunia yako, unapewa kikaratasi, hela unafuata baadaye. Kikaratasi kikilowa, kikipotea, au kikitafunwa na mbuzi, ndiyo mwanzo wa kesi. Anachotaka yeye ni simu ya bei ndogo pale mizanini, inaandika uzito na kutoa namba ya mzigo papo hapo, mtandao uwepo usiwepo. Ukirudi, inapeleka. Ikipeleka mara mbili, mzigo unabaki mmoja. Ni lile daftari, na nakala yake iko mahali pengine. (Lumbesa haitibu, msomaji. Mtu akiamua kushindilia gunia mpaka lipate kichwa cha pili, hakuna programu ya kumzuia, labda mgambo.)

Mashosti waliposikia nimefikiria hata kidogo kukataa Dubai waliniona nimelogwa. Nami nakiri nilipiga hesabu usiku mwingi. Mshahara wa mhariri unaujua, au kama huujui, bora. Lakini nilikuwa nimemsikiliza mwaka mzima, na nilijua tofauti ya mtu anayekimbia kazi na mtu anayeifuata. Tukakaa mezani, tukapatana. Kodi ya mwaka ilipwe kwanza kutoka kwenye akiba. Miezi sita ikiisha pasipo mtu wa kulipia ule mfumo, anarudi ofisini bila hadithi. Na kila Jumapili anieleze jambo moja alilokwama nalo, kwa Kiswahili, pasipo kunirushia Kiingereza cha kazini.

Aliondoka Mei 2025. Jumapili ya kwanza alikuwa amekwama kwenye saa. Simu nyingi kule betri ikitolewa tarehe inapotea, inarudi miaka ya nyuma huko. Mzigo wa leo ukaonekana umepimwa kabla simu yenyewe haijanunuliwa. Ukipanga mizigo kwa saa, wa mwisho anakuwa wa kwanza, na malipo yanavurugika. Akaenda kulala, asubuhi akakumbuka kwamba Leslie Lamport aliandika juu ya jambo hilohilo mwaka 1978, kwamba kwenye mashine nyingi zisizo na saa moja ya kuaminika, usiulize saa ngapi, uliza kipi kimetokea kabla ya kipi. Akaachana na saa, akapanga kwa namba za mistari. Yule kijana wa uwakala alipoonyeshwa akashangaa kwamba ulikuwepo mpango mwingine.

Jumapili nyingine tatizo halikuwa la mashine kabisa. Akina mama walikuwa hawataki namba ya mzigo iingie kwenye simu ya mume, kwa sababu anajua kusoma. Alizeti wamelima wao. Hilo aliniletea mimi, mhariri wa kurasa za mapenzi na ndoa, tukalijadili saa mbili. Mwisho akarudisha kikaratasi. Namba inachapwa, mwenye mzigo anaificha anapotaka.

Miezi sita imekwisha. Kikundi kinalipa ada ndogo kwa kila gunia, hailingani na mshahara wa zamani hata kwa mbali, kwa hiyo siku tatu kwa wiki anafanya kazi za watu wengine kwa mkataba, akiwa nyumbani Dar. Dubai hawajaandika tena. Mashosti bado wanaona nimelogwa, na kuna mwisho wa mwezi mmoja mmoja huwa nawaelewa.

Hela za Mama tunatuma kama kawaida, na yeye sasa ameweka utaratibu wake. Tukishatuma hapigi simu, anabipu, maana kubipu hakuna gharama. Mara moja maana yake imefika, mara mbili ameshaitoa. Mume wangu naye humbipu mara moja, kumjulisha kwamba amesikia. Wiki iliyopita Mama akaona ni adabu kuijibu ile ya mwanawe, akabipu tena. Na mwanawe, mtu wa shahada mbili za kompyuta, akabipu tena. Mama akabipu. Niliwaacha hapo wakiendelea, nikaenda kuzima jiko.